Namna ya kuitambua barua pepe ya kitapeli, na namna ya kuiripoti

Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, msimu wa wageni ukiwa umepamba moto, niliifungua barua pepe iliyoletwa katika nyumba ya wageni ninayofanyia kazi hapa Mji Mkongwe, ambako mimi ndiye ninayeshughulikia maombi ya vyumba na malipo. Ilionekana kuwa imetoka kwa fundi wa Dar es Salaam tunayemwagizia vitanda na makabati. Ilitaja nambari sahihi ya ankara, ilitaja kiasi sahihi tunachodaiwa, na ilituomba kwa adabu tulipie katika akaunti mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa katika ukaguzi. Nilikwisha kuanza kujaza fomu ya benki ndipo nilipoona kwamba anwani ya mtumaji, ambayo siku zote huishia na .co.tz, safari hii iliishia na -tz.com. Nilimpigia fundi kwa nambari yake niliyokuwa nayo tangu zamani, naye hakuwa na habari ya akaunti yoyote mpya. Mtu alikuwa ameingia katika sanduku lake la barua pepe na alikuwa akiyasoma mazungumzo yetu kimya kimya, akingoja siku ya malipo ifike.

Nimelianza jambo hili kwa kisa hicho kwa sababu wengi wetu bado tunamngoja tapeli wa zamani, yule anayetuahidi urithi wa mamilioni kwa lugha iliyovunjika. Lugha mbovu si alama ya kutegemea tena, kwani programu za akili mnemba zinamwandikia yeyote Kiswahili au Kiingereza kilichonyooka. Alama ya kutegemea zaidi ni anwani, na ni lazima mtu ajifunze kuisoma. Jina linaloonekana juu ya barua huandikwa na mtumaji mwenyewe apendavyo, kwa hiyo halithibitishi kitu. Liguse ili anwani kamili ijitokeze, kisha utazame kilichopo baada ya alama ya @. Herufi r na n zikikaa pamoja hufanana na m, na sifuri huweza kukaa mahali pa o, hivyo isome herufi kwa herufi, hasa kwenye simu ambako maandishi ni madogo. Tazama pia anwani ambayo jibu lako litakwenda ukibonyeza kujibu, kwa kuwa mara nyingine huwa tofauti kabisa na ile iliyoandikwa juu.

Kiungo nacho kina usomaji wake. Kwenye kompyuta, weka kishale juu yake bila kubonyeza. Kwenye simu, kibonyeze kwa muda mrefu mpaka anwani yake ionekane. Mwenye tovuti hutambulika kwa sehemu iliyo mwisho kabisa kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina la tovuti. Anwani kama benkiyangu.co.tz.hakiki-akaunti.com si ya benki, ingawa jina la benki limetangulia, bali ni ya aliyesajili hakiki-akaunti.com. Taasisi za Serikali, za Muungano na za Zanzibar, hutumia .go.tz, lakini ni lazima herufi hizo ziwe mwisho wa jina, si katikati yake. Alama ya kufuli kwenye kivinjari inaonesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tovuti ya tapeli nayo huwa na kufuli.

Kwa sisi tunaoishi kwa utalii kuna mitego miwili inayotuandama. Wa kwanza ni malalamiko ya mgeni: anaandika kwamba alipata mzio kwa sababu ya shuka, au kwamba ameacha hati ya kusafiria chumbani, kisha anaweka kiungo cha picha, na kiungo hicho hufungua ukurasa unaotaka nywila ya akaunti yenu ya maombi ya vyumba. Wa pili ni malipo ya ziada, ambapo mtu analipa kwa kadi kiasi kinachozidi gharama ya vyumba na kuomba mumtumie dereva wake au wakala wake kilichobaki. Kadi huwa ni ya wizi, na mwenye kadi akipinga malipo, benki huyarudisha yote, ilhali fedha mlizomtumia dereva zimekwisha kupotea. Ushauri wangu hapa ni mfupi: chenji ya malipo ya kadi irudi kwenye kadi ile ile, au isirudi kabisa.

Ombi lolote la kubadili akaunti ya malipo lithibitishwe kwa simu, kwa nambari mliyokuwa nayo kabla, kamwe si kwa nambari iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

Ukiishaitambua, usiijibu na usiifute. Hapa ndipo watu wengi waangalifu wanapokosea, kwani huiondoa haraka kama mtu anayefagia uchafu mlangoni, na ushahidi unaondoka nayo. Ndani ya barua pepe kuna kichwa kamili kisichoonekana kwa kawaida, chenye seva zote ilizopitia na matokeo ya vipimo vya SPF, DKIM na DMARC, ambavyo huonesha kama kweli ilitumwa kwa idhini ya mwenye jina lililopo baada ya alama ya @. Ukiituma mbele kwa njia ya kawaida, kichwa hicho hupotea. Kwa hiyo fungua Gmail kwenye kompyuta, bonyeza nukta tatu kando ya ujumbe, uupakue kama faili la .eml, kisha ulitume faili hilo kama kiambatisho. Naongeza tahadhari moja: barua iliyotoka katika sanduku lililovamiwa hufaulu vipimo vyote vitatu, kwa hiyo kufaulu kusikupe utulivu.

Katika nukta tatu hizo hizo kuna sehemu ya kuripoti udanganyifu, na kuitumia huwasaidia wengine wasifikiwe na barua ya aina hiyo. Kisha mjulishe aliyeigizwa, awe benki, mteja au ofisi. Tukio lenyewe liripotiwe TZ-CERT, kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao kilichopo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), kupitia tovuti yao ya tzcert.go.tz. Ikiwa barua imekutaka utume fedha kwa nambari ya simu, nambari hiyo itume kwenda 15040, iliyotengwa kupokea taarifa za matapeli.

Fedha zikiwa zimekwisha kutoka, mpangilio hubadilika. Piga simu benki au kwa mtandao wa simu kwanza, dakika hiyo hiyo, uombe muamala uzuiwe. Kisha nenda polisi, iwe mjini Unguja au Chake Chake, Wete na Mkoani, ukiwa na risiti, barua iliyohifadhiwa na saa ya kila tukio, na uombe nambari ya RB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, ambayo benki huenda ikaihitaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Bara na Zanzibar, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kisiwani hakuna pa kushitakia. Nawasihi pia wenye nyumba na mameneja wasimfokee mfanyakazi aliyebonyeza, kwa maana anayeogopa kufokewa hunyamaza mpaka jioni, na mpaka jioni fedha huwa zimehamishwa mara tatu.

Ikiwa umetoa nywila, ibadilishe kwa kutumia kifaa kingine, ondoa vifaa vyote vilivyoingia, na washa uthibitisho wa hatua mbili. Halafu fungua mipangilio ya barua pepe na utazame kanuni za kusambaza ujumbe, jambo ambalo husahauliwa mno. Katika sanduku la yule fundi tuliikuta kanuni moja tu, fupi: kila barua yenye neno ankara ilikuwa ikinakiliwa na kwenda katika anwani asiyoijua, na ingeliendelea kwenda hata baada ya kubadili nywila.