Kusanifu kikuza cha kelele ndogo kwa chipu ya GPS

Ishara ya GPS inapofika kwenye antena huwa na nguvu ya takriban dBm -130 (dBm ni desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati moja), ilhali kelele ya joto pekee, katika ukanda wenye upana wa megahezi 2, hufikia takriban dBm -111. Kikuza cha kwanza, yaani kile cha kelele ndogo, ndicho chenye dhamana kubwa, kwa kuwa kelele yake huingia yote katika kipokezi, wakati kelele ya hatua zinazofuata hugawanywa kwa ukuzaji uliotangulia.

Mpangilio uliozoeleka ni transista ya NMOS (yenye ncha tatu: geti inayoidhibiti, na dreni na sosi ambazo mkondo hupita kati yake) yenye indakta ndogo, yaani koili, kati ya sosi na ardhi, indakta kubwa kwenye geti, na transista ya pili juu yake, yaani kaskodi, inayozuia ishara ya dreni isirudi getini. Indakta ya sosi huonekana kwenye geti kama ukinzani usiozalisha kelele, unaoweza kulinganishwa na omu 50 za antena. Ukiweka kipinga halisi cha omu 50 badala yake, utapata ulinganifu uleule na antena, lakini kipimo cha kelele, yaani kiasi ambacho kikuza huzidisha kelele, hakitashuka chini ya desibeli 3.

Tuchukue transista yenye masafa ya mpito (ambapo ukuzaji wake wa mkondo hushuka hadi moja) ya gigahezi 20 na kapasita ya geti ya pikofaradi 0.4. Ili kupata omu 50, gawanya 50 kwa 2π mara masafa hayo ya mpito; jibu ni nanohenri 0.4 kwenye sosi. Kisha indakta zote mbili kwa jumla ziwiane na kapasita ya geti, yaani athari zao zifutane, kwenye megahezi 1575.42, masafa ya ishara ya GPS, jambo linalodai nanohenri 25.5, hivyo geti inabaki na takriban 25.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Indakta ya ukubwa huo ikichorwa ndani ya chipu, yenye kipimo cha ubora (uwiano wa athari ya indakta kwa ukinzani wake) cha 10, huwa na ukinzani wa omu 25 hivi, nao peke yake huleta kelele ya desibeli 1.8, kubwa kuliko hata ile ya mfereji wa transista, yaani njia ya mkondo kati ya dreni na sosi. Iweke nje ya chipu, yenye ubora wa 50, na kelele hiyo inashuka hadi desibeli 0.4. Kama nafasi nje haipo, ongeza kapasita ya pikofaradi 0.4 kati ya geti na sosi: indakta ya geti itashuka hadi nanohenri 12, ila ile ya sosi itabidi iongezwe maradufu, na ukuzaji utapungua.

Kabla ya kupeleka mchoro kiwandani, rudia uigaji ukiwa umejumuisha kapasita ya pedi (vibao vya chipu vinavyoshikiwa waya) na ya kinga dhidi ya umeme tuli, pamoja na waya za kuunganisha chipu na kifungashio. Milimita moja ya waya hiyo ina takriban nanohenri 1, zaidi ya mara mbili ya indakta ya sosi uliyoikokotoa. Kwa hiyo tumia waya kadhaa sambamba kwa ardhi, na upunguze indakta ya sosi kwa kiasi kinachoongezwa na waya hizo.