Beringi inalia: ringi ya nje, ya ndani, au umeme tu?

Nilifundishwa kusikiliza beringi kwa bisibisi: ncha kwenye hausingi (chuma kinachoishikilia beringi), mpini sikioni. Bado nafanya hivyo, na sikio huniambia kweli kwamba kuna shida. Shida iko wapi, hapo sikio halisemi, na hapo ndipo nilipoaibika. Niling'oa beringi ya mota iliyokuwa ikinguruma, nikaweka mpya, nikawasha. Ngurumo ile ile. Ile ya zamani nilipoipasua kwa grinda, nilikuta ringi zake zinang'aa, hazina hata mkwaruzo.

Siku hizi naanza na hesabu, spana baadaye.

Unahitaji namba ya beringi na kasi halisi ya shafti. Kasi usiichukue kwenye kibati cha mota. Ipime kwa takometa, yaani kipima kasi ya mzunguko, maana kasi hubadilika kulingana na mzigo. Tuseme beringi ni 6205, ina gololi 9, na shafti inazunguka mara 1,480 kwa dakika. Gawa kwa 60: hezi 24.7, yaani mizunguko 24.7 kwa sekunde.

Ringi ya nje ikiwa na kovu, kila gololi inayopita hapo hugonga. Lakini gololi 9 hazigongi mara 9 kwa kila mzunguko wa shafti, kwa sababu keji inayozibeba hutembea kwa kama asilimia 40 tu ya kasi ya shafti. Ndiyo maana kuna kadirio la haraka la mafundi: kasi mara idadi ya gololi mara 0.4 kwa ringi ya nje, mara 0.6 kwa ringi ya ndani. Jedwali la beringi ni sahihi zaidi. Kwa 6205 vizidishi ni 3.585 na 5.415. Hapo tunapata karibu hezi 88 na hezi 134. Ziandike kwenye karatasi kabla hujafungua grafu ya mtetemo. Macho yakishaona kilele kirefu, akili huanza kukitafutia sababu.

Sensa ya mtetemo ikae kwenye hausingi yenyewe, upande unaobeba mzigo. Kava la feni halifai, linatetemeka kivyake. Kwaruza rangi ibaki chuma, kisha bana kwa skrubu, au kwa sumaku ikishindikana. Ukiishika kwa mkono, masafa ya juu (mitetemo ya haraka) yanapotea, na hayo ndiyo tunayoyafuata. Rekodi sampuli 25,600 kwa sekunde, kwa sekunde 4 au zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Kovu changa lina nguvu ndogo, na kwenye spektra ya kawaida (grafu inayoonyesha nguvu ya mtetemo kwa kila hezi) ile hezi 88 huenda usiione, imefunikwa na mtetemo wa shafti. Ila gololi ikigonga kovu, chuma huitika kama kengele, kwa maelfu ya hezi, halafu kinatulia hadi gololi inayofuata. Sisi hatujali kengele ina sauti gani. Tunataka kujua inagongwa mara ngapi kwa sekunde. Kwa hiyo chuja, utupe kila kilicho chini ya hezi 2,000 hivi. Geuza sehemu hasi za wimbi ziwe chanya. Lainisha mpaka ubaki na umbo la juu tu, linaloitwa bahasha. Bahasha hiyo ndiyo uifanyie FFT, hesabu ya kompyuta inayotenganisha wimbi kuwa hezi zake.

Ukiona vilele kwenye 88, 177 na 265, yaani hesabu yako, mara mbili yake na mara tatu yake, ni ringi ya nje. Ringi ya ndani huonekana kwenye 134, na mara nyingi huwa na vilele vidogo pembeni, 109 na 158, tofauti ya 24.7 kila upande. Kovu lake linazunguka na shafti, kwa hiyo linaingia kwenye mzigo na kutoka, na kishindo cha gololi kinapanda na kushuka. Namba zikipishana na hesabu kwa asilimia 1 au 2 usishtuke, gololi huteleza kidogo.

Mota yangu ya aibu ilikuwa na kilele hezi 100. Kwenye umeme wa hezi 50, sumaku ya mota huvuta mara 100 kwa sekunde, na mimi nikaiita beringi. Kipimo chake ni rahisi: tazama grafu huku mwenzako akikata umeme. Kilele cha umeme hutoweka papo hapo. Cha beringi hushuka taratibu pamoja na kasi ya shafti.

Jambo moja linalodanganya hata wazoefu: kovu likishakuwa pana, kingo zake husagika na vilele vinaweza kupungua, vikazama kwenye kelele iliyotapakaa. Grafu inaonekana kama imepona. Ikiwa wiki iliyopita vilele vilikuwa virefu na hakuna aliyegusa mashine, usisubiri kipimo kingine, itoe.

Na ukishaitoa usiitupe. Ipasue, tafuta kovu, halafu chukua ile karatasi uone kama ulitaja ringi sahihi.