Bakiza vijiko viwili vya mala

Usimalize mala yote, yaani maziwa yaliyochachushwa yakaganda; yaliyobaki ndiyo ya kutengenezea mengine. Bakiza vijiko viwili, uvikoroge kwenye lita moja ya maziwa uliyoyachemsha yakapoa kabisa. Yakiwa bado moto unaua bakteria wa mala, na hao ndio wenye kazi: wanakula laktosi, sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. pH, kipimo cha asidi (ikishuka, asidi imezidi), ikifika karibu 4.6, protini iitwayo kaseini hushikana, na ukiinamisha sufuria unauona mgando ukitikisika mzima mzima. Inapendeza mno! Funika, uache hadi kesho. Baridi ya Nairobi mwezi wa Julai huwachelewesha bakteria hao, kwa hiyo izungushie sufuria shuka. Maziwa ya ATM ya mtaani, ile mashine ya kuuzia maziwa, nayo chemsha kwanza, hata wakikuambia yako tayari.