Somo: Kuuona mwandiko wa Vivaldi ukiwa nyumbani (Gloria RV 589)

Wengi tumeimba Gloria hii ya Vivaldi, mtunzi wa Italia, kwa fotokopi ya fotokopi, tena sauti ya besi imekatwa na mashine. Mswada wenyewe uko Torino, Italia, kwenye Biblioteca Nazionale Universitaria. Miswada ya Vivaldi iliibuka mwaka 1926 na maktaba haikuwa na fedha za kuinunua. Roberto Foà alilipia sehemu ya kwanza 1927, Filippo Giordano iliyobaki 1930. Wote wawili walikuwa wamefiwa na watoto wadogo wa kiume, na makusanyo yale hadi leo yanaitwa kwa majina ya watoto hao: Mauro Foà na Renzo Giordano.

1. Shika namba. RV ni namba ya wimbo kwenye orodha ya kazi za Vivaldi. Gloria zake zilizobaki ni mbili, RV 588 na RV 589, zote D meja. Nilimaliza jioni nzima (na bando) kwenye ile isiyo yangu.

2. Ingia RISM Online (orodha ya mtandaoni ya miswada ya muziki na maktaba ilipo), tafuta kwa namba hiyo. Kifupi I-Tn ndiyo maktaba ya Torino. Nakili namba ya jalada, yaani namba ambayo maktaba imeupa mswada.

3. Itafute Internet Culturale (tovuti ya maktaba za Italia) au IMSLP (maktaba ya noti mtandaoni). "Partitura" ni sauti na vyombo vyote pamoja, "parti" ni kila chombo peke yake, "autografo" ni mkono wa mtunzi mwenyewe.

4. Sasa kusoma, na hapa ndipo watu hukwama. Kwenye mswada, soprano haitumii alama ya G tuliyoizoea mwanzoni mwa mistari. C ya kati imekaa mstari wa chini kabisa. Kwa alto iko mstari wa tatu, kwa tenor mstari wa nne. Besi haina shida. Soprano akisoma kwa mazoea, C ataiita E, na kwaya nzima itamgeukia.

Maswali

*Mwalimu, ya solfa ipo?*
Kwenye mswada hakuna, ndugu. Utaandika mwenyewe, d ikiwa D. Wimbo ukihama ufunguo, hamisha d nayo.

*Naruhusiwa kutoa kopi kwa wanakwaya?*
Vivaldi alifariki 1741, utunzi hauna mwenyewe tena. Ila kitabu kilichohaririwa juzi kina haki zake, na picha za maktaba zina masharti, yasome kwanza.

*Nasikia "Cum Sancto Spiritu", kipande cha mwisho cha Gloria hii, si yake?*
Kweli. Aliichukua kwa mtunzi mwenzake, Giovanni Maria Ruggieri, akairekebisha. Wakati ule haikuwa aibu.