Kabla hujashona baindingi ya mfarishi wa vitenge

Jamani, baindingi, yaani ule ukanda wa kitambaa unaofunika ukingo wa mfarishi, ikitoka nene huku nyembamba kule watu wanalaumu cherehani, ila mara nyingi shida imeanzia mezani kwenye kukata, so haya yamalize kabla hujakaa kushona.

La kwanza kabisa mfarishi wenyewe uwe umenyooka. Ukishashonea matabaka yote matatu, cha juu, faiba ya kujazia katikati na cha chini, pembeni huwa pamevutika ovyo. Utandaze chini pasafi, pima kona kwa kona kwa mshazari, vipimo viwili vikilingana uko sawa, visipolingana chora kwa rula na chaki ndo ukate. Afu pitisha mshono wa hatua ndefu kuzunguka pembeni kabisa, usifike robo inchi toka ukingoni, matabaka yasicheze. Hapa wengi wanaruka na hapa ndo penyewe, maana faiba isipofika ukingoni, baindingi sehemu hiyo inakuwa tupu ndani na inanywea, hata ushone vizuri vipi.

Kitenge kipya kifue kwanza, kitoe wanga na rangi, hasa chenye nyekundu au bluu iliyokolea, kisije kikachujia vile viraka vyeupe ulivyovihangaikia. Piga pasi ndo ukate.

Mikanda kata inchi 2.5, ukiikunja katikati kwa urefu inabaki 1.25. Kata kwa kufuata nyuzi za kitambaa, mshazari achia mifarishi yenye pembe za mviringo kwa sababu unavutika, kwenye upande ulionyooka utakuletea mawimbi. Hesabu yake iko hivi: mfarishi wa inchi 60 kwa 80 mzunguko wake ni 280, ongeza 12 za kona na kufungia, ni 292. Kitenge cha upana wa 45, ukishatoa ule ukingo wenye maandishi unabaki na kama 43, na kila ungio la mshazari linakula inchi 2.5, kwa hiyo mikanda 7 haitoshi, kata 8. Maungio yawe ya mshazari kweli, ya kunyoosha yanajaa sehemu moja na yanaonekana kama kinundu.

Sindano weka mpya, namba 14 inatosha. Chukua mabaki ya matabaka hayohayo, shona ukanda kwa robo inchi, ukunje kwenda nyuma, uone kama unafunika ule mshono. Faiba ikiwa nene haufuniki, ongeza upana wa mikanda mapema wakati kitambaa bado kipo.

Weka alama ya chaki robo inchi kabla ya kila kona, ndo pa kusimama ukunje. Afu zungusha ukanda wote bila kushona, ukianzia katikati ya upande na kuacha mkia wa inchi 10, uangalie maungio yanaangukia wapi. Ungio likiangukia kwenye kona sogeza pa kuanzia, kona ina mikunjo ya kutosha, ukiongezea ungio sindano inagoma.