Kuendesha Gari la Gia na Pikipiki Katika Mji wa Vilima: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mji uliojengwa juu ya vilima humtaka dereva awe na ujuzi ambao mji wa tambarare haumdai. Taa nyekundu humkuta katikati ya mwinuko, foleni humsimamisha pale ambapo gari linataka kurudi nyuma, na makutano mengi huwa chini kabisa ya mteremko, mahali ambapo mwendo umekwisha kuongezeka. Katika kuwafundisha madereva wa magari ya gia na waendesha pikipiki nimeona kwamba matatizo yao mengi yana chanzo kimoja, nacho ni kukipa kifaa kimoja kazi ya kingine. Kazi ya breki ni kukishikilia chombo kisiondoke na kukipunguza mwendo kwa muda mfupi. Kazi ya klachi ni kuunganisha injini na magurudumu na kuvitenganisha, basi. Kazi ya kuzuia mwendo kwenye mteremko mrefu ni ya injini yenyewe, kupitia gia uliyochagua. Hatua zote zinazofuata zimejengwa juu ya mgawanyo huo.

Hatua ya 1: Ijue klachi yako mahali tambarare

Usianzie kilimani. Simamisha gari mahali tambarare penye nafasi, kanyaga klachi hadi mwisho, tia gia ya kwanza, kisha achia klachi polepole sana bila kugusa mafuta. Utafika mahali ambapo mlio wa injini unashuka kidogo na mtetemo mwepesi unapita kwenye usukani na kwenye sakafu chini ya kisigino chako. Hapo ndipo klachi inaposhika. Kanyaga tena, achia tena, mpaka mguu upazoee mahali hapo bila kusubiri uambiwe na masikio.

Kwenye pikipiki zoezi ni hilohilo, ila linafanywa na vidole vya mkono wa kushoto. Kagua kwanza ulegevu wa waya wa klachi: pikipiki nyingi ndogo huhitaji ncha ya mkono wa klachi icheze kati ya milimita 10 na 20 kabla waya haujaanza kuvuta. Waya ukikaza mno, klachi haishiki sawasawa na hutereza chini ya mzigo. Ukilegea mno, haiachii yote, na gia huingia kwa kugoma. Kasoro hizo huvumilika barabara ikiwa tambarare. Kilimani hukuumbua.

Hatua ya 2: Kuliondoa gari kwenye mwinuko

Hapa ndipo penye kazi kubwa, nami nashauri kila mtu ajifunze kwa breki ya mkono kwanza, hata yule ambaye amekwisha kuendesha kwa miaka mingi.

Gari likiwa limesimama, vuta breki ya mkono hadi ishike kweli, kisha toa mguu kwenye breki taratibu ili uhakikishe kwamba gari halisogei. Kanyaga klachi, tia gia ya kwanza, na uongeze mafuta hadi mshale wa mizunguko ya injini ufike kati ya 1,500 na 2,000. Kama gari lina mzigo au mwinuko ni mkali, ongeza kidogo zaidi. Sasa achia klachi mpaka pale inaposhika, na hapo uusimamishe mguu kabisa. Tazama boneti: litainuka kiasi kidogo, na nyuma ya gari itatitia, kwa sababu injini inavuta mbele huku breki ya mkono ikizuia magurudumu. Hiyo ndiyo ishara unayoingoja. Bonyeza kitufe cha breki ya mkono kwa kidole gumba, ishushe bila kuitupa, na uzidi kuongeza mafuta huku ukiachia klachi iliyobaki. Gari litaondoka mbele bila kurudi nyuma hata kidogo.

Wanafunzi wengi huharibu mambo katika kipindi kifupi kati ya kushusha breki ya mkono na gari kuanza kusogea. Kwa hofu, huachia klachi yote kwa mkupuo, na injini huzimika. Likikutokea hilo, jambo la kwanza si kuwasha gari bali ni kukanyaga breki ya mguu kwa nguvu na kuvuta breki ya mkono. Katika magari mengi breki husaidiwa na kifaa kinachotegemea injini, na injini ikizimika msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara chache tu, kisha pedali inakuwa ngumu. Kwa hiyo kanyaga mara moja, shikilia, vuta breki ya mkono, halafu ndipo uwashe na kuanza upya. Anayepiga honi nyuma yako atasubiri.

Ukishazoea, kwenye mwinuko wa wastani unaweza kutumia breki ya mguu peke yake: shikilia breki kwa mguu wa kulia, achia klachi hadi ishike, kisha hamisha mguu wa kulia upesi kwenda kwenye mafuta. Magari mengi mapya yana mfumo unaolishikilia gari kwa sekunde 2 hivi baada ya kuachia breki. Ni msaada mzuri, lakini usiufanye kuwa msingi wa ujuzi wako, kwa kuwa siku utakapokabidhiwa gari lisilo nao hutakuwa na muda wa kujifunza.

Jambo moja nalikataza bila kusita: kulishikilia gari mlimani kwa klachi nusu na mafuta kidogo huku ukingoja foleni isogee. Sahani ya klachi inakuwa inasuguana mfululizo chini ya uzito wa gari zima, joto linapanda, na baada ya muda unasikia harufu kali ya kuungua. Hiyo ni klachi inayokwisha. Foleni ikisimama, vuta breki ya mkono, toa gia na upumzishe miguu.

Hatua ya 3: Kuiondoa pikipiki kwenye mwinuko

Mkono wa kulia wa mwendesha pikipiki una kazi mbili, yaani breki ya mbele na mafuta, na si rahisi kuzifanya zote mbili kwa ulaini kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kwenye mwinuko tunatumia breki ya nyuma, ambayo iko kwenye mguu wa kulia. Ipo pia sababu ya pili: pikipiki ikielekea juu, uzito mwingi huhamia gurudumu la nyuma, na gurudumu la mbele likibaki jepesi linaweza kuburuzika kurudi chini ingawa umelifunga kwa breki.

Kabla hujasimama, tia gia ya kwanza na uangalie mahali utakapokanyaga kwa mguu wa kushoto, kwa kuwa changarawe, mafuta yaliyomwagika au ukingo wa mtaro vinaweza kukuangusha ukiwa umesimama tuli. Mguu wa kushoto ukiwa chini na wa kulia ukiwa juu ya breki ya nyuma, vuta mafuta kidogo, achia klachi hadi usikie pikipiki ikijikaza chini yako, kisha inua mguu wa kulia polepole huku ukiongeza mafuta. Usiipandishe miguu yote miwili kabla pikipiki haijaanza kwenda. Kwa pikipiki zisizo na mkono wa klachi, kanuni ya breki ya nyuma ni ileile. Tofauti ni kwamba mafuta yaongezwe kwa utulivu zaidi, maana klachi hushika yenyewe.

Abiria na mzigo hubadilisha hesabu yote. Uzito ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele huinuka kwa urahisi unapoondoka kwa pupa. Mwambie abiria asogee karibu nawe, wewe mwenyewe egemea mbele, na mzigo ufungwe chini na mbele kadiri inavyowezekana.

Hatua ya 4: Kupanda

Chagua gia kabla ya kilima, si katikati yake. Ukingoja mpaka injini ianze kukoroma na kutetemeka huku mafuta umekanyaga hadi chini, umechelewa, na gari litapoteza mwendo hata katika ile sekunde moja ya kupangua gia. Mwinuko ukiwa mkali, usione haya kutoka gia ya nne moja kwa moja hadi ya pili, mradi mwendo uwe umeshuka kiasi cha gia hiyo.

Nyuma ya gari jingine, simama mahali unapoweza kuyaona matairi yake ya nyuma yakigusa barabara. Nyuma ya lori ongeza nafasi hiyo mara mbili, hasa ukiwa na pikipiki, kwa sababu dereva wa lori huenda asikuone kabisa na lori lake linaweza kurudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka.

Hatua ya 5: Kuteremka

Juu ya mteremko, kabla ya kuanza kushuka, punguza mwendo na utie gia unayodhani ungeitumia kupandia mteremko huohuo. Kanuni hii ya kale bado inafaa. Gia sahihi ni ile inayoliacha gari lishuke kwa mwendo unaokaribia kuwa mmoja bila ya wewe kukanyaga breki kila mara.

Wapo wanaoteremka na fri, yaani gia ikiwa imetolewa, ili kuokoa mafuta. Kwa injini za kisasa wanapata kinyume chake: gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta ya injini hukata mafuta, ilhali kwenye fri injini huendelea kuyatumia ili isizimike. Hata kama akiba hiyo ingekuwapo, bei yake ni breki. Breki inayokanyagwa mfululizo hupata joto mpaka pedi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yakichemka hutokea mapovu ya mvuke, na pedali inazama bila kuzuia kitu. Mafuta ya breki aina ya DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa, na yakishaunyonya kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Hiyo ndiyo sababu watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka 2, na katika mji wa vilima nisingesogeza tarehe hiyo hata kwa mwezi.

Injini ikizidiwa, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka mwendo ushuke, kisha achia ili ipoe. Kushikilia klachi wakati wa kuteremka ni sawa na kuweka fri; ikanyage pale tu unapobadili gia au unapokaribia kusimama.

Kwenye pikipiki, mteremko huhamishia uzito mbele, hivyo breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa na ya nyuma hufunga gurudumu kwa urahisi. Bana ya mbele kwa kuongeza nguvu taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka, na umalize kupunguza mwendo kabla ya kona. Unapopangua gia, achia klachi kwa vidole pole. Ukiiachia ghafla, gurudumu la nyuma litarukaruka au kuteleza. Mvua ikinyesha, chini ya mteremko hukusanyika mchanga ulioshushwa na maji, na mifuniko ya chuma pamoja na mistari iliyopakwa rangi huteleza sana.

Hatua ya 6: Kuegesha na kuondoka tena

Kwa gari, vuta breki ya mkono huku umekanyaga ya mguu, zima injini, kisha tia gia ya kwanza ikiwa gari linaelekea juu, au ya nyuma ikiwa linaelekea chini. Geuza magurudumu ili gari likijiondokea lizuiwe na ukingo wa barabara: ukielekea chini, yaelekeze kwenye ukingo, ukielekea juu, yaelekeze upande wa katikati ya barabara. Pasipo na ukingo, yaelekeze daima upande wa nje ya barabara.

Pikipiki iegeshwe ikielekea juu, ikiwa ndani ya gia ya kwanza, gurudumu la nyuma likigusa ukingo ikiwezekana. Ikielekea chini, msukumo mdogo tu unaisogeza mbele, stendi ya pembeni inajikunja, na pikipiki inalala.

Wakati wa kuondoka, kumbuka kwamba magurudumu ya gari bado yamegeuzwa. Kanyaga klachi na breki pamoja, washa injini, tazama nyuma, kisha fuata utaratibu wa hatua ya 2 huku ukinyoosha usukani gari linapoanza kusogea.