Usafi mkubwa baada ya masika: kabla ya tambara, kagua ukuta

Masika ya pwani yakishaisha Mei, Juni huingia na kipupwe: upepo wa kusi unavuma, nguo zinakauka kabla ya adhuhuri. Huo ndio wakati wa kuitoa nyumba nje. Mama mdogo wangu anakaa Ngamiani, Tanga, na nilimwahidi Jumamosi moja tu. Zikawa tatu, kwa kosa langu mwenyewe, nalo utalikuta hatua ya tatu.

1. Toa vitu kwanza

Tandika mikeka miwili uani mapema asubuhi: mmoja wa vinavyobaki, mmoja wa kugawa. Vya kutupa viingie kwenye kiroba papo hapo. Mkeka wa tatu wa "tutaviangalia baadaye" usiutandike, maana ndio utakaojaa kuliko yote.

Anza na uvungu wa kitanda. Kwa mama mdogo tulitoa ndoo nne za rangi zisizo na mifuniko, feni isiyozunguka, na kiroba cha mifuko ya rambo, kila mmoja umekunjwa pembetatu kama sambusa. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. "Iache mwanangu, itafaa." Tulibishana robo saa, nikashindwa. Mwenye nyumba ndiye mwamuzi. Wewe muulize tu mara ya mwisho alikitumia lini, kisha unyamaze. Kwenye kanga hata hilo usiulize. Kila doti ina harusi yake au msiba wake, na utahadithiwa mpaka jua lizame.

2. Juu kwenda chini

Tandabui, madirisha, halafu sakafu. Tumia ufagio wa chelewa. Ule wa plastiki unahamisha vumbi tu. Kupiga deki unajua.

3. Kabati lenye ukungu

Jumamosi ya kwanza nilifungua kabati la nguo nikakuta madoa ya kijani na meusi ubao mzima wa nyuma. Nikayafuta kwa maji ya jiki, yakang'aa, nikarudisha nguo, nikaondoka najisifu. Wiki iliyofuata mama mdogo akanipigia simu: "Wageni wako wamerudi."

Nilikuwa nimefuta doa nikaacha maji. Kwa hiyo kabla ya kushika tambara, vuta kabati, weka kiganja ukutani nyuma yake. Pakiwa na ubaridi wa unyevu au rangi imevimba, toka nje ukaangalie upande wa pili. Sisi tulikuta mfereji wa bati umetoboka, mvua yote ya masika imeteremkia ukutani palepale kabati lilipoegemea. Tuliziba mfereji, tukauacha ukuta ukauke wiki nzima na dirisha wazi. Usipake rangi juu ya ukuta mbichi, itabanduka tu.

Sasa kufuta. Jifunge kitambaa puani, vaa glovu, na usikwangue ukungu ukiwa mkavu, maana vumbi lake linapeperuka chumba kizima na mwenye pumu atalipata. Lowesha kwanza. Kwenye vigae au kitu kingine kisichonyonya maji, jiki inafaa: kikombe kimoja kwa lita nne za maji. Kwenye mbao siipendi. Maji yake yanazama ndani, na ukungu unayapenda maji. Mbao zioshe kwa tambara la maji ya sabuni lililokamuliwa sana, kisha paka siki tupu, iache saa moja, futa, acha milango wazi siku mbili.

Hapa nisikilize vizuri: jiki na siki zisikutane. Si kwenye ndoo moja, wala tambara moja. Zikichanganyika zinatoa hewa ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Jiki usiichanganye na dawa ya choo pia. Ukishaanza na moja, maliza nayo.

Kabati la mninga litapona. Lile la unga wa mbao ulioshindiliwa, likishavimba na kumeguka kama biskuti kwenye chai, limekufa. Sisi tulikata ubao wa nyuma peke yake tukaweka mpya, likanusurika.

Nguo zianike juani, zipigwe brashi huko huko nje, ndipo zifuliwe. Jiki usiipeleke kwenye kanga, itakula rangi. Kanzu nyeupe yenye madoa ipake ndimu na chumvi, iache juani, kisha uifue.

Unaporudisha kabati, liache shubiri moja kutoka ukutani, miguu juu ya vipande vya tofali, na usilishindilie nguo. Vile vidonge vyeupe vya kabatini vinafukuza wadudu; unyevu havikaushi. Kopo la mkaa lililotobolewa husaidia harufu, lakini usilitegemee kuziba mfereji wa bati.

4. Karatasi

Hati ya nyumba, vyeti vya kuzaliwa, stakabadhi za kodi ya ardhi: bahasha moja, ndani ya kopo lenye mfuniko, juu ya kabati. Risiti za mashine hufifia zikabaki karatasi nyeupe, kwa hiyo zile za dhamana ya friji au simu zipige picha leo. Za LUKU za miaka iliyopita, ambazo umeme wake ulishawaka ukaisha, tupa.

5. Vya kugawa viondoke kabla ya magharibi

Vikilala uani usiku mmoja, asubuhi utavikuta vimerudi uvunguni. Feni ilikwenda na mnunuzi wa vyuma chakavu, vyombo vikaenda kwa jirani anayeozesha. Kiroba cha rambo kipo mpaka leo. Mimi nilipanda basi na doti moja ya kanga ya mke wangu na, kwa kuwa sikuthubutu kukataa, ndoo moja ya rangi isiyo na mfuniko.